Rangi ya Chini, Rangi ya Juu

Ukinipa nyumba ya kupaka hapa Mkula, nitaangalia udongo wa uwanjani kabla ya kukuuliza unapenda rangi gani. Mvua ikipiga udongo mweusi wa mbuga, ukuta huchafuka hadi magotini. Kwa hiyo chini napaka kahawia iliyokolea, juu krimu.

Wasukuma wa huku walikuwa na rangi zao kabla ya makopo ya dukani: nyeupe, nyekundu na nyeusi. Ufundi wao mkubwa haukuwa nje. Bayeye, chama cha wacheza na nyoka, walichora nyoka na watu kwenye kuta za ndani, wazione waliokwisha kuingizwa chamani. Mwaka 1953 mtafiti Hans Cory alichapisha kitabu kizima juu ya michoro hiyo.

Pamba ndiyo iliyogeuza mambo. Fedha yake ilinunua mabati, na bati halikai vizuri juu ya msonge. Nyumba zikawa na pembe. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikazipanga kandokando ya barabara. Ukuta wa mbele sasa ulionwa na kila mpita njia. Wateja wangu wengine hutaka zambarau. Nawapakia, ila chini kahawia inabaki.