Kuteua kifaa cha nukta nyekundu cha kulengea kwa upinde

UWINDAJI wa wanyamapori ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977, na anayevuta upinde kihalali hapa kwetu hulenga shabaha tu. Nchini Marekani, hata hivyo, kuwinda kulungu kwa upinde ni shughuli yenye msimu na leseni zake, na wapo wawindaji wanaojiuliza iwapo wafunge kwenye pinde zao kifaa cha nukta nyekundu.

Kifaa hiki si leza. Hakirushi mwali wowote kwa mnyama. Taa ndogo humulika lenzi iliyopakwa utando maalumu, nayo lenzi huurejesha mwanga huo kwenye jicho la mlengaji, akaiona nukta kana kwamba imeelea juu ya windo. Wazo hilo ni la Howard Grubb wa Ireland, mwaka wa 1900. Kampuni ya Aimpoint ya Uswidi ilitoa kifaa chake cha kwanza cha umeme mwaka wa 1975, lakini kwa ajili ya bunduki, na hapo ndipo penye mtego.

Mshale si risasi. Ukifyatuka kwa kasi ya mita 85 kwa sekunde, utakuwa umeshuka zaidi ya robo mita ufikapo umbali wa mita 20. Umbali ukiongezeka maradufu hadi mita 40, mshale hushuka zaidi ya mita moja. Kwa hivyo nukta moja husema kweli kwa umbali mmoja tu. Vifaa vya kawaida vya pinde huwa na pini kadhaa, kila moja na umbali wake. Anayetaka nukta hana budi kutafuta kifaa chenye nukta kadhaa, au kikalio kinachoweza kurekebishwa upesi. Kulungu hangoji mtu apige hesabu, na akichomwa tumboni badala ya mapafuni huenda akatoroka na kufa kwa mateso ya saa nyingi kichakani.

Jambo la pili ni upana wa lenzi. Upinde hushikwa kwa mkono ulionyooshwa, mbali na jicho, hivyo kidirisha kinachotosha kwenye bunduki huonekana finyu mno. Lenzi ya milimita 30 au zaidi ni afadhali.

Mwangaza nao una maana kuliko wauzaji wanavyokiri. Kulungu hutembea sana alfajiri na jioni. Nukta isiyoweza kufifishwa vya kutosha humfunika mnyama kwa mng’ao wake. Isitoshe, mtu ambaye jicho lake halikuviringana sawasawa huiona nukta imetapakaa mithili ya nyota. Huyo ajaribu kabla ya kulipa, au abaki na pini zake.

Betri hudhoofika kwenye baridi, na mtikisiko wa upinde hulegeza skrubu. Gundi ya skrubu ni ya bei nafuu.

Mwisho ni sheria, ingawa ingestahili kutangulia. Shirikisho la World Archery haliruhusu vifaa vya umeme vya kulengea katika mashindano yake, na baadhi ya majimbo ya Marekani, Idaho likiwa mojawapo, yana masharti makali kuhusu vifaa vya aina hiyo katika msimu wa pinde. Kanuni hizo hubadilika, hivyo mwindaji husoma kijitabu cha mwaka huohuo kabla ya kwenda dukani.