Saa Nane za Fundi: Miaka 90 ya Labour Trade Union

Mwezi Aprili 1935, mafundi wa Nairobi walifuta neno moja kwenye jina la chama chao. Chama chenyewe kilikuwa kichanga, kimeanzishwa mwaka mmoja nyuma, na kilikuwa cha Wahindi: maseremala, waashi na mafundi wa chuma waliokuwa wakiijenga Nairobi jiwe kwa jiwe. Waliliondoa neno "Wahindi", wakakiita Labour Trade Union of Kenya, wakatamka kwamba mlango uko wazi kwa mfanyakazi yeyote, awe wa rangi yoyote au dini yoyote. Mwaka 1937 jina likapanuka tena, likawa Labour Trade Union of East Africa.

Koloni lile lilikuwa limegawa kila kitu kwa rangi: mabehewa ya treni, hospitali, mitaa ya kuishi, na mshahara. Mzungu alikuwa na kiwango chake, Mhindi chake, Mwafrika chake, hata kama wote watatu walisimama kwenye jukwaa moja la mbao wakijenga ukuta mmoja. Kufuta neno lile kulitaka moyo. Aprili 2025 tendo hilo lilitimiza miaka 90. Sikuona bango mjini wala kusikia hotuba, na kwa mtu aliyekulia katika nyumba ya mwashi jambo hilo liliniuma.

Mizizi ya chama iko kwenye reli. Tangu 1896 Waingereza walileta zaidi ya watu 30,000 kutoka India kujenga njia ya Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Wengi walirudi kwao, maelfu kadhaa wakabaki, na mafundi wengine wakaendelea kuwasili miaka iliyofuata. Mmoja wao alikuwa Sudh Singh, fundi kutoka Punjab aliyekuja mwaka 1920 akaajiriwa na reli. Miaka ya mwanzo ya 1920 alikuwa miongoni mwa waliounda chama cha mafundi wa reli, ambacho hakikudumu. Vyama vya wakati ule vilizaliwa na kufa upesi. Mwaka 1914 waliothubutu kuongoza mgomo wa Wahindi wa reli walifukuzwa nchini. Sudh Singh aliacha reli, baadaye akafungua kiwanda kidogo cha uchapaji Nairobi.

Mwanawe Makhan alimfuata mwaka 1927, akiwa na miaka 13. Alisoma Government Indian High School, ambayo leo ni Jamhuri High School, kisha akaingia kufanya kazi kwa babake kiwandani. Alikuwa akiandika mashairi kwa Kipunjabi. Mwezi Machi 1935 mafundi walimwomba awe katibu wa chama chao. Alikuwa na miaka 21, na hakuwa fundi wa ujenzi.

Nadhani mafundi walijua walichokuwa wakitafuta. Walihitaji mtu wa kuandika barua isiyoweza kutupwa kapuni, na mtu mwenye mashine ya kuchapa. Matangazo ya chama yalitoka kwa lugha zaidi ya moja, Kiswahili kikiwemo, ili karatasi moja isomeke na Sikh anayechonga dirisha, Mgujarati anayepanga mawe, na Mwafrika anayewabebea wote mchanga na maji. Karatasi hizo zilipita mkononi mwa watu ambao siku nzima walizungumza kwa vijineno vichache vya kazi: leta, shika, ongeza maji, bado.

Dai la kwanza kubwa lilikuwa muda. Kiswahili chetu kinatutaka tueleze hapa, maana "saa nane" kwa mtu wa mjengo ni wakati ambapo jua limeshapita utosini na sufuria ya maharagwe imeshaisha. Chama kilidai saa nane za kazi kwa siku, basi. Kabla ya hapo siku ya fundi ilikuwa ndefu kadiri mwenye kazi alivyotaka. Nyapara ndiye aliyekuwa na saa ya mfukoni, na fundi hakuwa na chake isipokuwa kivuli cha ukuta aliokuwa akiupandisha. Chama kilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Oktoba 1936 siku ya kazi ni saa nane. Hawakusubiri serikali itunge sheria.

Waajiri wengine walikubali, wengine wakapuuza. Ndipo likaja dai la nyongeza ya mshahara, na mwezi Aprili 1937 mafundi wa Nairobi wakaweka zana chini. Mgomo ulidumu siku 62.

Mtu anayelipwa mwisho wa mwezi huenda asielewe uzito wa siku 62. Fundi wa ujenzi hula alichojenga jana. Baba yangu, aliyekuwa mwashi, alikuwa na desturi ya kuhesabu mvua: masika yakiingia alisimama mlangoni asubuhi, akatazama mawingu, akasema "leo hakuna," na mama akajua kwamba unga wa jioni utapunguzwa. Wiki moja ya mvua ilitosha kutupeleka dukani kukopa. Wale wa 1937 walikaa wiki karibu tisa, kwa hiari yao, katika mji ambao wengi wao hawakuwa na shamba la kukimbilia. Mafundi huishi kwa siku, na mwajiri aliyategemea hayo hayo: atasubiri njaa imfanyie kazi. Njaa haikumfanyia. Mgomo ulipokwisha, mishahara ilipanda kati ya asilimia 15 na 22, siku ya saa nane ikakubaliwa, na waliogoma wote wakarudishwa kazini.

Hilo la mwisho ndilo ninalolienzi kuliko yote. Nyongeza hupatikana hata kwa ujanja wa mmoja mmoja. Kurudishwa wote, bila kuachwa hata yule aliyepaza sauti langoni, hupatikana pale tu watu waliposhikana mpaka mwisho.

Mwaka huo huo serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya vyama vya wafanyakazi, ikitaka kila chama kiandikishwe, ijulikane nani ni nani. Labour Trade Union kiliandikishwa. Lakini mlango uliofunguliwa mwaka 1935 haukuwa rahisi kwa Mwafrika kuupita. Shingoni mwake alining'iniza kipande, yaani kitambulisho chake cha kazi, kikiwa ndani ya kikopo cha chuma, na mwajiri asipokitia sahihi ya kumruhusu, kuondoka kazini kulikuwa kosa la jinai. Mhindi aligoma akahatarisha mkate wake. Mwafrika aligoma akahatarisha jela. Ukweli huu lazima usemwe, maana bila huo tutadhani kwamba waliochelewa kujiunga walikosa mwamko.

Hata hivyo walikuja. Mwezi Julai 1939, katika mkutano wa chama, Jesse Kariuki na George Ndegwa, wote wawili viongozi wa chama cha siasa cha Kikuyu Central Association, walichaguliwa kwenye kamati. Karibu wakati ule ule moto ukawaka Mombasa. Walioanza kugoma walikuwa vibarua wa Idara ya Kazi za Umma, wale wa barabara na majengo ya serikali, wakidai nyongeza na posho ya nyumba. Watu waliokuwa wakijenga nyumba za wengine wao wenyewe walilala wamerundikana katika vyumba vya kupanga. Mgomo ukaenea hadi kwa makuli wa bandari, mji ukasimama, na serikali ikalazimika kuunda Tume ya Willan kuchunguza chanzo. Posho ya nyumba, ambayo mfanyakazi wa Kenya leo huiona kwenye karatasi yake ya mshahara kama kitu kilichokuwepo tangu dunia kuumbwa, ina mzizi wake mmoja katika siku zile za joto la Mombasa.

Mwisho wa 1939 Makhan Singh alisafiri kwenda India. Mwaka uliofuata Waingereza walimkamata huko, wakamweka kizuizini hadi 1945, na alirudi Nairobi mwaka 1947. Serikali ilijaribu kumfukuza nchini, ikashindwa. Tarehe 1 Mei 1949 Labour Trade Union na vyama vingine vinne, vya madereva, mafundi cherehani, wachapaji na washona viatu, vilijiunga kuwa East African Trade Unions Congress. Rais alikuwa Fred Kubai, katibu mkuu Makhan Singh. Msajili alikataa kuuandikisha umoja huo. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alitoa hoja ya uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mtaa wa Kaloleni bado upo, na nyumba zake za mawe zina kuta nene zilizojengwa na watu walioijua kazi yao.

Tarehe 15 Mei yeye na Kubai walikamatwa. Kesho yake Nairobi ikagoma, na mgomo ukaendelea siku tisa. Makhan Singh alihukumiwa Nyeri mbele ya jaji Thacker, yule yule ambaye baadaye angewahukumu Kenyatta na wenzake Kapenguria, akapelekwa Lokitaung, huko Turkana, kisha Maralal na Dol Dol. Aliachiliwa tarehe 22 Oktoba 1961, baada ya zaidi ya miaka 11. Katika Kenya iliyokuwa huru hakupewa cheo chochote cha maana. Aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi hadi 1952, iliyotoka 1969, akafariki mwaka 1973 akiwa na miaka 59.

Chama chenyewe hakikusimama tena kama zamani. Wafanyakazi wakapata miavuli mipya, na mwaka 1965 ikaundwa COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ambayo hadi leo ina chini yake chama cha wafanyakazi wa ujenzi, mbao na samani. Baba yangu alikuwa mwanachama. Kadi yake aliiweka kwenye mkebe wa majani ya chai pamoja na timazi, ile pia ya shaba yenye ncha, iliyofungwa kwa uzi uliokuwa mweupe zamani. Nilipokuwa mdogo alinishikisha ule uzi juu ya ukuta huku yeye akichuchumaa chini, jicho moja kalifumba, akingoja pia iache kutikisika. Hakuniruhusu kupumua kwa nguvu.

Wakati mmoja alifanya kazi wiki sita kwa kontrakta ambaye mwishoni alisema hamjui. Hapakuwa na mkataba, hapakuwa na karatasi. Baba alikwenda kwa katibu wa tawi, mzee aliyevaa koti lile lile mwaka mzima, na katibu akamwambia, "Ndugu, nitajie wote mliokuwa pamoja." Akaandika majina tisa. Barua ilibeba majina tisa, na baada ya miezi miwili ililetwa nusu ya pesa. Nusu nyingine haikuonekana tena. Baba aliisema habari hii kama ushindi, na mimi kwa miaka mingi sikumwelewa.

Leo sheria iko upande wa fundi kuliko ilivyokuwa kwa waliogoma 1937. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kujiunga na chama na kugoma. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kufikia mwezi mmoja apate haki za mtu wa mkataba. Iko pia amri ya mishahara ya sekta ya ujenzi ya mwaka 2004. Lakini nenda kwenye mjengo wowote Nairobi alfajiri, usimame langoni. Utaona vijana wamejipanga na viatu vya kazi kwenye mfuko wa plastiki, foromani akichagua kwa kidole: wewe, wewe, na wewe mwenye kofia. Aliyechaguliwa leo hajui kama kesho atachaguliwa, na mtu ambaye hajui kesho yake ni vigumu kumwambia atoe ada ya chama. Wiki ya tatu ikiisha wengine huambiwa wapumzike kidogo, ili mwezi usitimie.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtazama kijana wa jirani yetu siku ya kumwaga slabu ya ghorofa ya nne. Zege haingoji. Ukisimama katikati, inapoungana ya zamani na mpya hubaki ufa usioonekana, kwa hiyo kazi ikianza huenda mpaka iishe. Walianza saa moja asubuhi. Karai zilipanda kwa mikono, mtu hadi mtu, kila mmoja akigeuka nusu na kumpa wa juu yake, bila neno. Saa kumi na moja jioni bado walikuwa wakigeuka. Saa mbili usiku taa ya balbu iliwashwa juu ya mlingoti, na mhesabu akaanza kuita majina akiwatumia pesa kwa simu, kiwango cha siku moja kwa kila mtu.

Kijana wetu alikung'uta saruji kwenye nywele, akatazama simu, akaniuliza kama ni kweli kwamba zamani kulikuwa na watu waliogoma kwa ajili ya saa. Nikamwambia nitamwandikia.