Hachibaki Kali si Gari la Mbio

Mtu wa Mumbuni, hapa Machakos, akiliona Toyota GR Yaris kwa mara ya kwanza atasema ni Vitz iliyovimba mashavu, na hatakuwa mbali na ukweli. Vitz ndilo jina ambalo Yaris ilitumia kwao Japani hadi 2020, na kwetu limeshikamana na kila kigari kifupi ambacho mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu pamoja na kioo. Umbo hilo ndilo hachibaki. Buti haijatengwa na viti: ukikunja kiti cha nyuma, magunia ya maembe yanaingia mpaka karibu na mgongo wa dereva.

Viwandani kuna toleo la pili la magari hayohayo, lenye injini ya nguvu zaidi, breki kubwa na springi ngumu, ambalo Waingereza huliita hoti hachi. Sisi tuliiteje? “Hachibaki moto” inatupeleka pabaya, kwa kuwa gari la moto kwa wengi ni treni, na gari moto kwa fundi ni gari lililochemsha. “Hachibaki ya mbio” inapendeza masikioni, ila inadanganya. Hachibaki ya mbio ni ile Toyota GR Yaris Rally1 ambayo Kalle Rovanperä alishinda nayo Safari Rally ya 2022 kule Naivasha, siku Toyota ilipochukua nafasi nne za kwanza. Lile lilikuwa na fremu ya mabomba ya chuma na injini iliyosaidiwa na mota ya umeme, jumla zaidi ya farasi 500. Lile la dukani lilipotoka 2020 lilikuwa na karibu farasi 270, viti vya watoto nyuma na redio.

Mimi nachagua “hachibaki kali”. Kali husema kiasi cha kitu bila kukibadilisha kuwa kitu kingine: chai kali bado ni chai. Gari hili bado ni la kwenda sokoni, na ukilisahau hilo ukiwa kwenye saketi ya mbio, breki zitakukumbusha.

Volkswagen walipoanza kuuza hachibaki kali yao, Golf GTI, mwaka 1976, lilikuwa na injini ya lita 1.6, farasi 110, na uzito wa kilo 810 hivi. Walikusudia kuunda 5,000; ya kizazi hicho cha kwanza yaliuzwa zaidi ya 460,000. Golf GTI za kizazi cha saba, ambazo ndizo zilizojaa Nairobi kutoka Japani, zina farasi 220 lakini zinakaribia kilo 1,400. Nguvu imeongezeka maradufu, na uzito umepanda kwa kilo zaidi ya 500. Tangazo litakutajia farasi. Kilo utazilipia mwenyewe.

Kwa mkazi wa mwinuko kama wetu kuna jambo lingine. Machakos iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hapa kanieneo ya hewa ni pungufu kwa asilimia 17 au zaidi kidogo ukilinganisha na Mombasa. Injini isiyo na tabo huvuta hewa iliyopo tu. Kwa hiyo Vitz RS ya lita 1.5, inayotajwa kuwa na farasi 109, ikipanda kuelekea milima ya Iveti inabaki na kama 90. Tabo huisukuma hewa ndani hata ikiwa nyepesi, kwa hiyo injini yenye tabo hupoteza kidogo sana. Ila tabo yenyewe hufanya kazi ya ziada, na hewa inayoingia huwa moto zaidi. Na mafuta? Hachibaki kali nyingi za Japani ziliundwa kwa petroli ya oktani ya juu kuliko 93 ya pampu zetu za kawaida. Kompyuta ya injini ikisikia mgongano ndani ya silinda hurudisha nyuma muda wa cheche, na farasi kadhaa hubaki zizini.

Bei sasa. Gari lililotumika haliruhusiwi kuingia Kenya likiwa limezidi umri wa miaka minane, kwa hiyo zile nzuri za zamani hazipo kwenye hesabu. Tangu Julai 2023 ushuru wa forodha ni asilimia 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, asilimia 20 kwa injini isiyozidi sisi (cc) 1,500 na 25 kwa nyingi zinazoizidi, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya vyote. Ukizidisha, gari ambalo forodha imelithamini shilingi 100 linaongezewa karibu 88 likiwa chini ya mstari huo wa 1,500, na karibu 96 likiuvuka, kabla ya ada ndogondogo. GR Yaris, yenye sisi 1,618, imeuvuka. Hachibaki kali nyingine, Suzuki Swift Sport ya muundo uliotoka 2017, yenye sisi 1,371, haijaufikia.

Lakini mstari huo sio unaoamua. Pengo kubwa lilianzia kiwandani: Swift Sport ilipotoka Japani iliuzwa yeni 1,836,000, na GR Yaris RZ ya 2020 iliuzwa yeni 3,960,000. Moja inaweza kuwa ndoto ya mwalimu mwenye mkopo wa sako. Nyingine ni ya mtu ambaye tayari ana gari jingine.

Je, Swift Sport ya farasi 140 tu inafaa kwenye saketi? Inafaa kuliko watu wanavyodhani, na sababu ni breki. Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Joto la kusimamisha gari kutoka kilomita 160 kwa saa ni mara nne ya lile la kutoka 80, na kwa spidi ileile huongezeka sawasawa na uzito. Swift yenye gia za mkono ina kilo 970. Golf GTI hupika diski zake kwa karibu asilimia 40 zaidi kila inapokaribia kona, na hufika kwenye kona ikiwa na spidi kubwa zaidi.

Fundi akifungua kifuniko cha kichupa cha mafuta ya breki cha gari la miaka sita ambalo halijabadilishiwa, mara nyingi huyaona yamekuwa ya kahawia kama chai ya rangi. Mafuta hayo hunywa unyevu wa hewa. Mapya ya DOT 4 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Yakishashiba maji, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 155. Kwenye mzunguko wa tatu au wa nne wa saketi yanaanza kutoa mapovu ndani ya mabomba, na mapovu hubanwa kirahisi. Pedali inakwenda mpaka sakafuni na gari halisimami. Kumwaga mafuta hayo na kuweka mapya, pamoja na pedi zinazostahimili joto, kutakupunguzia sekunde nyingi kuliko programu ya kuongeza nguvu ya injini, ambayo vijana wetu huikimbilia kwanza.

Kisha matairi. Swift hutumia 195/45R17, GR Yaris 225/40R18. Siku moja ya saketi yanaweza kulika kama miezi ya barabara ya Kangundo, na huwa ni mawili ya mbele, kwa sababu Swift na Golf husukumwa na kugeuzwa na magurudumu hayohayo. GR Yaris husukumwa na yote manne, na hapo ndipo fedha za ziada zinapoonekana.

Kwamba hachibaki inaweza kufika mbali si la kubishaniwa. Honda Civic Type R mwaka 2023 ilizunguka saketi ya Nürburgring ya Ujerumani kwa dakika 7 na sekunde 44.881. Sisi hatuna saketi ya lami yenye daraja la kimataifa. Tulichokuwa nacho ni mashindano kama KiambuRing, ambapo barabara ilifungwa kati ya mashamba ya chai na kila gari likaondoka peke yake dhidi ya saa. Kwa hachibaki kali huo ndio mtihani mzuri: unakimbia dakika chache, unasimama, diski zinapoa wakati wengine wakipita, na jioni unarudi Mumbuni na matairi yaleyale uliyokwenda nayo.