Mlezi naye ahitaji mlezi: Yafaa kujua nini kuhusu ushauri nasaha kwa simu

Usiku mmoja wa Ramadhani iliyopita nilimfokea mamangu. Alipatwa na kiharusi miaka mitatu iliyopita, kikamlegeza upande wa kulia. Usiku ule alimwaga uji kwenye shuka niliyokuwa nimetoka kuitandika. Nami nilikuwa sijaketi tangu daku: nimepika, nimefua, nimesimamia kazi za shule za watoto wawili, nimemgeuza kitandani asipate vidonda. Maneno yaliyonitoka siwezi kuyaandika hapa. Mamangu hakujibu. Aligeuza uso ukutani.

Nilitoka nikaketi kwenye ngazi, nikalia. Sikulia kwa hasira, nililia kwa kujiogopa. Wiki mbili baadaye nilianza kuzungumza na mshauri nasaha kwa njia ya simu. Tangu niliposimulia haya kwenye kikao cha akina mama, maswali hayajaisha, na ndiyo sababu ya makala haya.

Uchovu huu una jina

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Watafiti nao wameipima kazi hiyo. Isabelle Roskam na Moïra Mikolajczak wa Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, wameuchunguza uchovu wa wazazi na kuutambua kwa dalili 4: kuchoka kupita kiasi, kujitenga na watoto kimoyo ukibaki kuwalisha na kuwaogesha tu, kukosa raha ya kuwa mzazi, na kujiona si yule mzazi uliyekuwa zamani.

Anayemuuguza mzee au mgonjwa naye ana kipimo chake. Mwaka 1980, Steven Zarit na wenzake nchini Marekani walitunga maswali ya kupima mzigo wa mlezi, na toleo linalotumika sana leo lina maswali 22. Nayataja haya ili ujue kwamba unachokihisi si uvivu, wala si upungufu wa imani. Ni hali inayojulikana, na ina msaada.

Kikao chenyewe huwaje?

Ushauri nasaha wa mtandaoni ni tiba ile ile ya mazungumzo, isipokuwa wewe na mshauri hamko chumba kimoja. Waweza kupigiwa simu ya kawaida, kuonana kwa video, au kuandikiana ujumbe. Kikao huchukua kama dakika 45 hadi saa moja, mara nyingi mara moja kwa wiki. Aina inayotumika sana humfundisha mtu kuyakagua mawazo yake na kubadili mazoea yanayomuumiza. Tafiti nyingi kuhusu sonona na wasiwasi zimeona kwamba tiba hiyo ikitolewa kwa intaneti, na mtaalamu akiwa anakufuatilia, matokeo yake hukaribiana na ya ana kwa ana.

Usitarajie kupewa fatwa wala kukemewa. Mshauri wangu aliniuliza swali moja lililonikaa: ni nani katika nyumba hii anayejua kwamba umechoka? Sikuwa na jibu. Kakangu yuko Muscat, hutuma pesa kila mwezi, nami kila mwezi humwambia "sote twashukuru Mungu." Kazi yangu ya wiki ile ilikuwa kumwambia ukweli. Nilimwambia. Sasa kuna binti anayekuja asubuhi tatu kwa wiki kumshughulikia mama, na kakangu ndiye anayemlipa.

Hata mpango wa vikao 5 wa Shirika la Afya Duniani, uitwao PM+, hufundisha mambo kama hayo: kutuliza mwili kwa pumzi, kutatua tatizo moja baada ya jingine, kurudia shughuli ulizoziacha, na kutafuta watu wa kukushika mkono. Ulijaribiwa Nairobi ana kwa ana, miongoni mwa wanawake waliopitia dhuluma, wakihudumiwa na wahudumu wa afya wa jamii waliofunzwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba dhiki yao ilipungua zaidi kuliko ya waliopata huduma ya kawaida.

Kwa nini simu yatufaa

Sababu ya kwanza ni wakati. Anayeuguza hawezi kuondoka nusu siku. Ya pili ni umbali: aliye Faza au Vanga hana mtaalamu jirani. Ya tatu tuisema wazi, ni aibu. Hapa Mombasa ukitaja maradhi ya akili, mtu hufikiria Port Reitz na jirani huanza kunong'ona. Simu hukusitiri.

Lakini nyumba zetu zina kuta nyembamba na masikio mengi. Mimi hupanda darini baada ya Isha nikiwa na visikizi masikioni. Kama huna mahali pa siri, omba kuandikiana. Kama bando lakusumbua, omba simu ya kawaida badala ya video.

Chunguza kabla ya kulipa

Mtu wa kwanza niliyempata mtandaoni alitaka pesa za vikao vinne mapema, nikatuma, asipatikane tena. Usirudie kosa langu.

Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 yataka anayefanya kazi hii Kenya awe amesajiliwa. Muulize jina lake kamili na nambari ya usajili, kisha uhakikishe kwa bodi. Lipa kikao kimoja kimoja. Uliza kama ana bei nafuu kwa asiyejiweza; wengine wanayo. Uliza pia kama anazungumza Kiswahili, maana kulia kwa lugha ya kigeni ni kazi ya pili.

Uliza maelezo yako yatahifadhiwa wapi na nani atayaona. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huzihesabu habari za afya kuwa nyeti. Asiyeweza kukujibu hilo, muache.

Simu isipotosha

Mshauri nasaha haandiki dawa. Hiyo ni kazi ya daktari. Ukiwa hulali siku nyingi, wasikia sauti wasizosikia wengine, au umejifungua karibuni na wajiwa na mawazo ya kumdhuru mtoto, nenda hospitali na mtu unayemwamini. Wazo la kujitoa uhai nalo halingoji kikao cha Jumamosi: mwambie mtu wa karibu sasa hivi. Msalaba Mwekundu wa Kenya una laini ya bure ya ushauri, 1199. Ikiwa ni mtoto anayedhulumiwa, laini ya watoto ni 116, nayo ni bure.

Na dini je?

Wapo walioniambia, "Soma Qur'ani, yatosha." Nasoma, na moyo hutulia. Lakini Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima kuhusu afya ya mwili na ya nafsi, akieleza huzuni, hofu na hasira kama mambo yanayotibika. Waislamu wale hawakuona mgongano kati ya dua na dawa. Sisi tuliupata wapi?

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi bado huchoka. Lakini juzi mamangu alimwaga uji tena. Nikavuta pumzi kama nilivyofundishwa, nikabadili shuka. Akanishika mkono kwa ule wake mzima, akaniambia, "Pole, mwanangu." Nikamwomba radhi ya usiku ule. Alikuwa ameshanisamehe zamani. Mimi ndiye niliyekuwa sijajua.