Saratani "ya" korodani, saratani "na" korodani

Herufi moja tu hutenganisha majina haya, lakini maana zake ziko mbalimbali. "Saratani ya korodani" ni ugonjwa wa kiungo hicho. "Antijeni za saratani na korodani" ni kundi la protini ambazo, kwa mtu mzima mwenye afya, hutengenezwa hasa na seli zinazozaa mbegu za kiume. Kwingineko mwilini jeni zake huwa zimezimwa. Saratani ikizuka kwenye ngozi, mapafu au umio, jeni hizo huweza kuwaka tena, kwa wanaume na kwa wanawake vilevile.

Antijeni ya kwanza ya kundi hilo, MAGE-A1, ilitangazwa mwaka 1991 na kikundi cha mtafiti Thierry Boon mjini Brussels, kutokana na saratani ya ngozi. NY-ESO-1 ilifuata mwaka 1997. Hiyo "ESO" inatokana na jina la Kiingereza la umio ("esophagus"), kiungo ambacho saratani yake inaua watu wengi mno Afrika Mashariki.

Seli za mbegu hazionyeshi alama ambazo seli T za kinga huzitambua, kwa hiyo tiba inaweza kulenga protini hizi bila kuzidhuru korodani. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha tiba ya seli T inayolenga MAGE-A4, kwa aina adimu ya saratani ya tishu laini.

Waandishi wa habari za afya, tunzeni hiyo "na". Mkiandika "ya", mama mwenye saratani ya mapafu atadhani habari hii haimhusu.