Kaburi na Ukoo: Mara na Japani

Wakuria wa Tarime na Serengeti huzika wafu wao nyumbani, na kaburi huwa shahidi wa ukoo juu ya ardhi. Wajapani, karibu wote, huchoma maiti. Serikali yao iliukataza uchomaji mwaka 1873, ikauruhusu tena mwaka 1875, kwa kuwa mijini ardhi ya maziko haikutosha. Lakini moto haumalizi mambo: jamaa huokota mifupa kwa vijiti, wakaitia mtungini, kisha wakaiweka katika kaburi la ukoo. Njia ni mbili, shabaha moja: marehemu asikose kwao. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya Tanzania, ya mwaka 1969, yalikiri hilo. Katika fidia huhesabu hata gharama za matambiko. Huko Nyamongo, Tarime, penye mgodi wa dhahabu, neno hilo si dogo.