Mkate wa Soda na Siagi Iliyouzwa

Mtu akiniambia "hiki ni chakula cha asili," huwa namuuliza: asili ya lini?

Chukua mkate wa soda wa Ayalandi. Watalii huuziwa kama mkate wa mababu wa kale. Lakini ulianza kuokwa vijijini miaka ya 1830 hivi, soda ya kuokea ilipoanza kupatikana kwa bei nafuu. Hata miaka 200 haujafikisha.

Na shida ndiyo iliyouleta. Ngano ya kule ni laini, haifuri vizuri kwa hamira. Familia nyingi hazikuwa na oveni. Zilikuwa na moto wa udongo wa kinamasi uliokatwa vipande ukakaushwa, chungu cha chuma, na maziwa machachu yaliyobaki baada ya kutoa siagi. Siagi yenyewe mara nyingi iliuzwa kulipia kodi ya shamba.

Basi mama alichanganya unga, chumvi na soda, ambayo ni ndugu wa karibu wa magadi yetu ya githeri, akamimina yale maziwa. Asidi ya maziwa ikikutana na soda, gesi inatoka, unga unafura. Hakuna kukanda sana, hakuna kungoja. Alichanja msalaba juu ili joto lifike katikati, akafunika chungu, akapalia makaa juu ya kifuniko, vile wapishi wa Pwani hufanyia wali.

Maskini zaidi hawakuwa hata na unga huo. Wao walikula viazi, na 1845 viazi vikaanza kuoza shambani. Kufikia 1852, watu kama milioni 1 walikuwa wamekufa na wengine kama milioni 1 wamehama, huku nafaka ikiendelea kupelekwa Uingereza. Serikali ya Robert Peel ilileta mahindi ya Marekani. Watu hawakuyazoea, yakawaumiza matumbo, wakayaita "salfa ya Peel". Hebu fikiria: mahindi hayo hayo, mgeni kutoka Amerika, ndiyo sisi tunasonga ugali na kuuita wa mababu.

Baada ya njaa, unga wa ngano ukazidi kufika vijijini, na mkate wa soda ukaenea nao.

Kwa hivyo ukiniuliza mkate huu ni wa nani, nitakwambia ni wa Waayalandi kabisa, hasa yule mama aliyeuza siagi akabaki na maziwa yake.